Urithi Usiopungua kwa Kugawanywa

Ajuaye mirathi anajua kwamba mali ikigawanywa hupungua. Shamba la baba likipasuliwa kwa wana sita, kila mmoja hupata kipande. Wajukuu nao huambulia ukanda. Hesabu hiyo nimeikuta Kimilili, chini ya Mlima Elgon, ambako mgeni aliyetoka kwenye minazi kama mimi angedhani ardhi haina mwisho. Mahindi yamefika hadi mlangoni, na bado wenyeji wanalia kwamba shamba halitoshi na mbolea ya dukani ni ghali.

Ndipo nikaifikiria bustani inayosomesha watu wazima. Ukishika njia ya kaskazini kutoka Kimilili unafika Kitale, na karibu na mji huo kipo Kituo cha Kilimo cha Manor House. Kilianzishwa mwaka 1984, mwaka wa ukame mkali, mahali palipokuwa na shule ya watoto. Wakulima wamepokewa hapo kwa masomo ya siku chache, na vijana kwa mafunzo ya miaka miwili.

Ubao wao ni tuta. Mwanafunzi huchimba mfereji wa kina cha sentimita 30, kisha huulegeza udongo wa chini kwa kina kama hicho. Hutia mboji aliyoirundika mwenyewe: tabaka la majani makavu, la mabichi, na la udongo. Miche hupandwa karibu karibu, majani yakaitia ardhi kivuli na unyevu usipotee. Tuta halikanyagwi.

Elimu hii ina silsila yake. Mwingereza Alan Chadwick aliifundisha katika bustani ya wanafunzi huko Santa Cruz, California, kuanzia 1967. John Jeavons akaieneza kwa kitabu alichokitoa 1974. Hatimaye ikafika Kitale.

Serikali ya Kenya ilipoanzisha kampeni ya kusoma na kuandika mwaka 1979, madarasa yale yaliitwa ngumbaru, na mtu mzima aweza kuona haya kukaa kwenye benchi la mtoto. Bustani haina haya hiyo. Mzee aliyelima miaka 40 humwelezi kilimo kwa mdomo. Mwonyeshe matuta mawili ya sukuma, la desturi yake na la mbinu mpya, ahukumu mwenyewe.

Walakini kazi yake ni nzito. Kuchimba hivyo kunauma mgongo, na mabua yanayotakiwa kwa mboji ndiyo hayo hayo anayoyataka ng'ombe. Mtu peke yake huchoka. Hufaa watu washikane, leo kwangu, kesho kwako.

Na faida iko hapo. Ardhi ukimpa nduguyo, imekutoka. Ujuzi wa tuta ukimfundisha, mnao wawili. Nasi wa Pwani, ambao viambo vyetu humegwa kila baada ya msiba, tuna haja ya urithi wa namna hiyo. Wa kuanzia ni jembe moja, uga mmoja, na mtu mzima asiyeona haya kuitwa mwanafunzi.