Paka wa Kashikishi Aliyehama Nyumba

Wanangu, sogeeni. Leo tunakwenda Kashikishi, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo.

Usiku wavuvi wa huko huwasha taa juu ya ziwa. Chisense, vidagaa vyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, hufuata mwanga, nao wakishajikusanya hupandishwa na wavu. Asubuhi huanikwa juani mpaka mtaa mzima ukanuka samaki. Ukiwa paka, wataka nini tena?

Paka wetu alikuwa jike wa rangi ya majivu, mwenye michirizi mgongoni na sikio moja lenye pengo. Mwenyewe alikuwa mama mmoja muuza chisense. Nasema "mwenyewe" kwa kuwa mama ndivyo alivyoamini, paka hakuulizwa. Mama alimwita Pushi, kama waongeao Kibemba wanavyomwita paka yeyote, akamwachia vichwa vya samaki kwenye sufuria kuukuu.

Nyuma ya ua wake wa matete ikahamia familia kutoka Kongo: baba, mama, bibi na watoto watatu. Familia hii ni ya hadithi yangu, lakini safari yao si ya kubuni. Mwaka 2017 vita vilipochacha upande wa Moba na Pweto, maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Zambia. Wengi walipokelewa kwanza Kenani, na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge. Familia yetu ilipita huko, na baadaye baba akapata kazi ya kushona nyavu Kashikishi. Ndani ya nyumba walizungumza Kiswahili. Mtaani Kibemba kiliwapiga chenga, na wale watoto wakawa wanacheza wenyewe kwa wenyewe.

Ikafika Desemba. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Tena hiyo ni miezi ya mvua, ambapo hata dagaa aliyepo hakauki vizuri. Biashara ikalala. Yule mama akaenda kijijini kulima mihogo, akawa anarudi siku mojamoja. Sufuria kuukuu ikajaa maji ya mvua.

Kwa majirani wapya hapakuwa na samaki. Palikuwa na magunia mawili ya mahindi kwenye kona, na nyuma ya magunia, panya.

Usiku wa kwanza watoto walisikia kishindo. Asubuhi wakakuta mkia wa panya mlangoni, mkia mtupu, na paka juu ya gunia akijilamba kama mtu aliyemaliza zamu.

"Bibi," akauliza yule mdogo, "ametufuata sisi au amefuata panya?"

"Panya kwanza," bibi akasema. "Sisi baadaye."

Bibi hakusoma vitabu vya wanasayansi, lakini hapo wasingembishia. Miaka elfu kadhaa iliyopita, wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati walianza kuhifadhi nafaka. Nafaka ikaita panya, panya wakaita paka pori. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikuja mwenyewe, na waliovumilia kukaa karibu na watu wakapata chakula zaidi. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake, miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kupro imezungukwa na bahari na haikuwa na paka wa asili. Basi kuna mtu aliyempakia paka chomboni pamoja na mizigo yake! Ningependa sana kujua nani alimshika njiani, na alikwaruzwa mara ngapi.

Watoto wakataka paka awe wao kabisa. Wakampa kiazi kitamu; akanusa, akaondoka. Wakampa uji wenye sukari, akatazama pembeni. Msimlaumu. Ulimi wa paka hausikii utamu wa sukari: mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba chembe ya urithi inayohusika na ladha hiyo imeharibika kwa paka, hata kwa chui milia na duma. Bibi akachovya bukari, yaani ugali, katika mchuzi wa nyama akaiweka chini. Hiyo ililiwa.

Sasa angalieni yaliyofuata, maana hapa ndipo panya wanapotoka kwenye hadithi. Magunia yaliisha, panya wakahama, paka akabaki. Akawa anaingia mkia umesimama wima, ambayo ndiyo salamu ya paka kwa anayempenda. Akasugua mashavu yake kwenye miguu ya watoto. Mashavuni mwa paka mna tezi za harufu, na akikusugua anakupaka harufu yake, mwisho nyumba nzima inanukia yeye. Yule mdogo akagundua pia kwamba akimkazia macho, paka anaondoka. Akifumba na kufumbua polepole, paka naye anafumba polepole na kusogea. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hilo mwaka 2020 wakaona ni kweli.

Siku moja mama wa chisense akarudi, akamwona Pushi amelala kwenye mkeka wa jirani. Akapaza sauti kwa Kibemba. Mtoto mkubwa, aliyekwisha kuokota maneno sokoni, akatafsiri huku akitetemeka: "Anasema tumemwibia paka."

Bibi akatoka, akapiga goti kidogo. "Mwambie: Mayo, mama yangu, hatukumfunga. Mlango uko wazi."

Paka akaamka, akajinyoosha, akamwendea mama mkia juu, akamsugua miguu. Kisha akarudi mkekani. Mama akacheka bila kutaka. Akaketi, akaletewa maji ya kunywa, na watoto wake wakaja kumchungulia Pushi. Jioni hiyo watoto wa nyumba mbili walicheza pamoja mara ya kwanza.

Watu husema paka hana shukrani. Mimi sikubali. Ila paka akiwajia ninyi, ulizeni majirani kwanza, huenda kuna anayemtafuta. Msimshike paka msiyemjua, kwani anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na unaogopa kugombezwa. Na wakubwa wampeleke paka wenu achanjwe.

Machi ziwa likafunguliwa, chisense wakaanikwa tena, na Pushi akazaa watoto wanne ndani ya gunia tupu la mahindi, kwa akina bibi. Mama wa chisense akasubiri miezi miwili mpaka walipoacha kunyonya, akaja na kikapu.

"Wawili wangu, wawili wenu," akasema.

"Na mama yao?" watoto wakauliza.

Mama akamtazama Pushi, aliyekuwa amekwisha kuingia kikapuni na kulala. "Huyo muulizeni mwenyewe."