Kioo cha mapambo sebuleni

Kioo cha mapambo ni kioo kinachotundikwa ukutani au kusimamishwa chumbani ili kukipendezesha chumba na kusambaza mwanga, wala si kwa ajili ya kujitazama tu. Katika nyumba nyingi huwekwa sebuleni, yaani chumba ambamo familia hukaa pamoja na kupokea wageni. Katika Kiswahili neno "kioo" hutumika pia kwa kioo cha dirisha. Makala hii inahusu kile kinachoonyesha taswira.

Kioo hurudia kile kilicho mbele yake, kiwe kizuri au kibaya. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuchagua kwanza ukuta, kisha ukubwa, umbo na fremu.

Historia

Vioo vya kale vilikuwa vipande vya metali vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Katika karne ya 16 mafundi wa kisiwa cha Murano, karibu na Venisi nchini Italia, walisifika kwa vioo vilivyopakwa bati na zebaki kwa nyuma. Zebaki ni sumu, na mvuke wake uliharibu afya ya mafundi. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza njia ya kupaka kioo tabaka jembamba la fedha bila kutumia zebaki. Siku hizi hutumika fedha au alumini.

Mfano maarufu wa vioo vya mapambo ni Ukumbi wa Vioo katika ikulu ya Versailles, Ufaransa, uliojengwa kuanzia mwaka 1678 hadi 1684. Vioo 357 vimepangwa katika matao 17 yanayokabili madirisha 17 ya upande wa bustani, hivyo mwanga na mandhari ya nje huonekana pande zote mbili za ukumbi.

Huko Zanzibar, Sayyida Salme (Emily Ruete), binti wa Sultani Said, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi vyumba vya matajiri vilivyopambwa kwa vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya.

Mwanga na taswira

Mwanga ukigonga kioo bapa hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo, ila upande wa pili. Ukuta mweupe nao hurudisha mwanga mwingi, lakini huutawanya kila upande. Kioo huupeleka upande mmoja. Kioo hakitengenezi mwanga. Kikiwekwa kwenye ukuta wa giza unaotazamana na ukuta mwingine wa giza, chumba hakibadiliki sana.

Taswira huonekana kuwa nyuma ya kioo, kwa umbali ule ule ambao kitu kipo mbele yake. Ndiyo maana sebule nyembamba yenye kioo kwenye ukuta wa upande wa urefu huonekana kuwa pana zaidi.

Kuchagua mahali

Njia rahisi ni kukaa kwenye viti vya sebule huku mtu mwingine akishikilia kioo ukutani. Kinachoonekana kutoka kwenye viti ndicho wageni watakachokitazama muda wote: huenda ikawa dirisha lenye mti nje, au meza yenye vyombo visivyooshwa.

* Mkabala wa dirisha: kioo huleta mwanga na mandhari ya nje. Jua la moja kwa moja linaweza kuumiza macho au kuangukia skrini ya televisheni. Hapo ukuta ulio ubavuni mwa dirisha hufaa zaidi.
* Mkabala wa mlango: anayepita nje anaweza kuwaona walio ndani, kwa kuwa ukiyaona macho ya mtu kiooni, naye anaweza kuyaona yako. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuficha ndani ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Kioo kilichowekwa vibaya huondoa sitara hiyo.
* Upande wa kibla: baadhi ya familia za Kiislamu zinazosali sebuleni huuepuka ukuta huu, ili anayesali asijione.

Ukubwa na urefu

Mtu anayetaka kujiona mwili mzima anahitaji kioo chenye nusu ya kimo chake, awe karibu au mbali. Mwenye kimo cha sm 170, ambaye macho yake yapo sm 160 kutoka sakafuni, anahitaji kioo cha sm 85 kinachoanzia sm 80 na kuishia sm 165.

Kioo cha kupamba tu hakihitaji kufuata kipimo hicho. Kikiwa juu ya kochi, kwa kawaida huwa chembamba kuliko kochi lenyewe. Kikitundikwa juu mno, walioketi huona dari tu.

Usalama

Kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa mm 4 ina uzito wa takriban kg 10 bila fremu. Cha mm 6 hufikia kg 15. Msumari mmoja hautoshi, hasa kwenye ukuta wa udongo au plasta inayomomonyoka. Kioo kikubwa hushikiliwa na skrubu mbili au zaidi zilizokazwa vizuri. Kilichoegemezwa ukutani kinapaswa kufungwa kwa juu, kwa sababu mtoto anaweza kukivuta kikamwangukia.

Kioo kilichobonyea katikati, kama baadhi ya vioo vya kunyolea, hukusanya miale ya jua mahali pamoja na kinaweza kuwasha moto pazia. Kisiwekwe juani.

Baadhi ya watu hufunika vioo wakati wa radi wakiamini kwamba huivuta. Kioo kilicho ndani ya nyumba hakivuti radi.

Utunzaji

Unyevu ukipenya ukingoni huharibu tabaka la nyuma na kuacha madoa meusi yasiyofutika. Hali hiyo hutokea haraka zaidi pwani, penye hewa ya chumvi. Wakati wa kusafisha, maji hutiwa kwenye kitambaa badala ya kumwagwa juu ya kioo, kisha kingo hukaushwa.