Likizo kubwa katika chumba cha meno

Juma hili tunawaletea habari ya binti wa mwenzetu mmoja wa Lusangi. Likizo kubwa iliyopita hakuipitisha shambani wala sokoni. Aliipitisha katika hospitali moja ya upande wa Kasongo, ndani ya chumba wanamotibia meno. Ametuomba tusiandike jina lake, lakini aliyoyaona ameturuhusu tuwasimulie.

Binti huyu anasoma sekondari, sehemu ya biokemia, na bado mwaka mmoja afanye mtihani wa Serikali. Tangu siku mdogo wake alipolia usiku tatu kwa sababu ya jino, anasema atakuwa mganga wa meno. Baba yake alikuwa tayari kuuza mbuzi na kipande cha shamba aanze kuweka pesa ya safari na masomo, maana fakulte ya meno iko mbali, katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Mama yake akamwambia, "Baba watoto, mbuzi wakishauzwa hawarudi. Kwanza mtoto aione hiyo kazi."

Ndipo wakaomba staji. Shule iliandika barua na kupiga muhuri, mama akaenda na binti yake mpaka hospitali, wakaonana na muuguzi mkubwa wa chumba cha meno. Walikubaliana mambo matatu: mtoto atalala kwa shangazi yake, hatatia mkono katika kinywa cha mgonjwa, na habari za wagonjwa hatazitoa nje. Majuma manne, bila malipo.

Siku ya kwanza alifagia, akaandika majina ya wagonjwa, akatazama namna koleo na vioo vinavyooshwa na kuchemshwa kwa mvuke kabla ya mgonjwa mwingine kuingia. Siku ya pili aliona jino likitoka na damu yake. Kichwa kikamzunguka, akatoka nje akaketi chini ya mwembe. Muuguzi hakumcheka. Alimpa maji, akamwambia naye siku yake ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Kesho yake binti akarudi.

Jambo lililomshangaza ni jino la miaka sita. Mtoto wetu akifika miaka sita hivi, jino kubwa huota nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka mbele yake. Kwa hiyo sisi mama tunadhani nalo ni la utoto, likioza tunasema, "Acha, litatoka, lingine litakuja." Halirudi tena. Meno ya utoto ni 20, ya ukubwa ni 32, na hilo ni katika yale ya kudumu. Binti anasema karibu kila siku alimwona mtoto wa miaka tisa au kumi akiletwa kulipoteza, na mama yake akishtuka kusikia hivyo. Wengi wetu tulipomsikia tulinyamaza, maana tulikumbuka watoto wetu.

Juma la tatu likaja jambo zito zaidi. Muuguzi alikuwa amemfundisha kwamba akiandika jina la mtoto mdogo, atazame midomo na asikilize harufu. Asubuhi moja mama mmoja aliketi mwisho wa mstari na mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyetoka kuugua surua. Mtoto alikonda, mate yanatoka, na kinywa kinanuka vibaya. Binti hakungoja zamu yao ifike. Aliingia kumwita muuguzi. Ufizi ulikuwa umevimba, na mahali pamoja umeanza kuwa na kidonda cha kijivu.

Ugonjwa ambao muuguzi aliuogopa unaitwa noma. Huwapata zaidi watoto wa miaka miwili mpaka sita wasiokula vizuri, mara nyingi baada ya surua au malaria. Huanzia kwenye ufizi, na katika siku chache unaweza kula shavu na mfupa. Usipotibiwa huua watoto wengi, na wanaopona hubaki na uso ulioharibika. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliuandika katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Lakini ukikamatwa mapema, dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chenye nguvu vinatosha kuusimamisha. Mtoto yule alianza dawa siku ile ile. Juma lililofuata alirudi anakunywa uji.

Mama yake alikuwa ameambiwa kijijini angoje, kwamba ni meno tu. Ndugu zetu, kinywa cha mtoto kikinuka na ufizi ukitoa damu baada ya surua, tusingoje. Twende kituo cha afya siku hiyo.

Tulimwuliza binti kama bado anaitaka kazi hii. Alijibu kwamba sasa anajua ni kusimama mchana kutwa, mgongo unauma, na watoto wanauma vidole. Anaitaka. Baba yake naye hajauza shamba. Ameweka mbuzi wawili kando, wengine wanazaa.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi zetu za Afrika, tukizihesabu pamoja, hazifikishi hata mganga wa meno mmoja kwa watu 10,000. Watoto wanaotaka kazi hii tusiwavunje moyo, ila tusiwapeleke gizani. Chama chetu hakina pesa ya Kinshasa. Lakini likilimba yetu inaweza kulipa pikipiki ya mtoto mmoja kwenda staji, na kila mmoja wetu ana shangazi au dada mjini wa kumpa mahali pa kulala.

Mwenye binti au kijana wa sekondari anayetaka kazi ya hospitali, aje na jina lake mkutano ujao. Tutaandika barua pamoja kabla ya likizo kubwa. Na leo jioni, kabla ya kulala, tuwaambie watoto wafungue vinywa tutazame nyuma kabisa: jino la miaka sita liko namna gani?