Pezi la Ubao wa Mawimbi: Umbo Lake, Kazi Yake na Jina Lake

Mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na hasa Hawaii, ambako wenyeji huuita he'e nalu, yaani kuteleza juu ya wimbi. Tangu mchezo huo ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, mfasiri wa Kiswahili hana budi kuweza kuueleza kwa watu ambao wengi wao hawajapata kuuona. Katika kazi hiyo liko jambo moja ambalo ni rahisi kulikosea, nalo ni jina la kile kipande chembamba kilichokazwa chini ya ubao, upande wa tezi. Mtu akionapo kwa mara ya kwanza aghalabu atakiita usukani. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kipande hicho kifanyavyo kazi, na jinsi umbo lake libadilishavyo mwendo wa ubao, ili ionekane kwa nini jina hilo halifai.

Usukani, kama wajuavyo mabaharia wetu, ni ubao uliotungikwa tezini ambao huzunguka. Mshika usukani husukuma kana, usukani hugeuka, nao hukigeuza chombo. Lakini kipande tunachokizungumzia hakizunguki hata kidogo. Anayeugeuza ubao ni mpandaji mwenyewe, kwa kuhamisha uzito wa mwili wake na kuulaza ubao ubavu mmoja. Hapo tezi hutaka kuteleza kwenda pembeni, na kazi ya pezi ni kuizuia isiteleze. Kwa hiyo kazi yake yakaribia zaidi ile ya mkuku. Chombo kinapobisha, upepo hukisukuma kwenda demani, na mkuku hushindana na maji ili kisiende upande. Hata hivyo, kama tutakavyoona, mkuku nao si mfano kamili.

Mbao za kale za Hawaii hazikuwa na pezi. Mpandaji aliyetaka kugeuka aliburura mguu mmoja majini, na wimbi likiwa na mteremko mkali, tezi ilimponyoka. Mwaka 1935, huko Waikiki, Mmarekani Tom Blake alichukua mkuku mdogo wa alumini kutoka katika motaboti iliyotupwa, akaukaza chini ya ubao wake. Kina chake kilikuwa yapata sentimita 10, na urefu wake yapata sentimita 30. Ubao uliokuwa ukihangaika huku na huku ukashika njia yake. Wako waliolitatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine. Mnamo mwaka 1937 vijana wa Honolulu, miongoni mwao John Kelly na Wally Froiseth, walizichonga mbao zao zikawa nyembamba upande wa tezi, ili tezi izame na kujishika yenyewe katika uso wa wimbi. Njia yao ilifaa, lakini ile ya Blake ndiyo iliyoenea duniani.

Sasa tuiangalie nguvu yenyewe. Maji yakilipitia pezi sawasawa pande zote mbili, hayalisukumi upande wo wote. Yakilifikia kwa pembe, upande mmoja hupata shindo kubwa kuliko wa pili, na pezi huvutwa kwenda kwenye upande wenye shindo dogo. Ni kanuni ile ile inyanyuayo bawa la ndege na kulivuta tanga. Nguvu hiyo huongezeka pamoja na ukubwa wa pezi, lakini huongezeka zaidi kwa mwendo, kwani mwendo ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 4. Ndiyo sababu ubao mrefu uendao polepole huwekewa pezi moja lenye kina cha sentimita 20 hadi 25, hali mapezi ya ubao mfupi uendao kasi huwa na kina cha sentimita 11 au 12 tu. Lakini kila nguvu ina mpaka wake. Pembe ikizidi mno, maji huacha kuambatana na pezi, mshiko hupotea ghafula, na tezi huchomoka. Mpandaji aliyefikwa na hayo chini ya wimbi kubwa huangushwa kabla hajatambua kilichotokea.

Umbo la pezi laweza kuelezwa kwa mambo sita.

La kwanza ni kitako, yaani urefu wa sehemu iliyoshikana na ubao. Kitako kirefu humpa mpandaji kitu cha kusukumia anapotoka katika mzunguko, na hivyo ubao huongeza mwendo. Kitako kifupi huufanya ubao ugeuke upesi.

La pili ni kina. Pezi lenye kina kirefu hushika sana, lakini ni zito kugeuza. Lenye kina kifupi huiachia tezi mapema, jambo ambalo wapandaji stadi hulitafuta kwa makusudi. Hapa yafaa kulinganisha kina na kitako. Pezi refu jembamba, mfano wa bawa la ndege wa baharini, hutoa nguvu nyingi kwa kupoteza mwendo kidogo, lakini huachia mapema na kwa ghafula. Pezi fupi pana huburura maji zaidi, lakini huvumilia pembe kubwa kabla halijaachia.

La tatu ni mlalo, yaani kadiri ncha ilivyorudi nyuma. Pezi lililosimama wima hugeuza ubao mahali padogo. Pezi lililolala nyuma huchora mzunguko mpana uliotulia.

La nne ni mwinamo. Mapezi ya pembeni hayasimami wima kabisa, bali huinama kwenda nje kwa nyuzi chache. Mwinamo ukiwa mkubwa, ubao huitika upesi unapolazwa ubavu. Ukiwa mdogo, ubao huenda kasi katika njia iliyonyoka.

La tano ni mwelekeo. Ncha za mbele za mapezi ya pembeni hukaribiana kidogo, zikielekea omo. Jambo hili huusaidia ubao kuanza kugeuka, lakini huongeza mburuto wa maji.

La sita ni mbinuko, yaani umbo la nyuso mbili za pezi. Pezi la katikati hubinuka sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa halina budi kutumika sawa kulia na kushoto. Ya pembeni aghalabu huwa bapa upande wa ndani na kubinuka upande wa nje. Pezi la namna hii huvuta kuelekea upande uliobinuka hata maji yakija bila pembe, hali lile la katikati hungoja pembe ndipo livute.

Twaweza kuongeza habari ya mnyumbuko, ingawa hiyo ni sifa ya kitu kilichotumika zaidi kuliko ya umbo. Katika miaka ya 1960 George Greenough wa California alitazama mkia wa jodari, akatengeneza kwa nyuzi za kioo pezi lenye kitako kigumu na ncha nyembamba inayopindika. Pezi hilo huinama mpandaji anapogeuka, kisha hurudi mahali pake na kumsukuma mbele. Nat Young wa Australia alitumia pezi la Greenough aliposhinda mashindano ya dunia huko San Diego mwaka 1966.

Idadi ya mapezi nayo ina maana. Pezi moja la katikati ubao ukilazwa sana huanza kutoka majini. Mapezi mawili ya pembeni huponya kasoro hiyo, kwa kuwa moja daima limezama karibu na uso wa wimbi. Kwa ubao wa namna hiyo Mark Richards wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Lakini mapezi mawili hupenda kuteleza wimbi likiwa kubwa, kwa sababu nyuma yao hakuna kitu cha kuituliza tezi. Simon Anderson, naye Mwaustralia, aliongeza pezi la tatu katikati, nyuma ya yale mawili, akayafanya yote matatu yakaribiane kwa ukubwa. Mwaka 1981 alishinda mashindano ya Bells Beach katika mawimbi makubwa mno, na tangu hapo mpango wa mapezi matatu ndio uliotawala.

Turudi basi kwenye jina. Tumeona kuwa kitu hiki hakizunguki. Kwa hiyo si usukani. Na mkuku huenda pamoja na urefu wa chombo na huwa mmoja, hali hiki huwa kimoja, viwili au vitatu, huinama, hupindika, na hukaa tezini tu. Pezi la samaki lina sifa hizo zote. Neno ni letu, umoja wake na wingi wake vyajulikana na kila mvuvi, na Greenough mwenyewe alijifunza kwa samaki. Wala si neno tupu la kupendeza masikio. Anayesema usukani humfanya msomaji adhani kuwa ubao hugeuzwa na kifaa, na mpandaji amesimama tu juu yake. Anayesema pezi huuacha ubao mikononi mwa mwenyewe, au tuseme miguuni mwake, na ukweli wa mchezo husalimika. Ama maneno kitako, kina, mlalo, mwinamo, mwelekeo na mbinuko, tumeyatumia hapa kwa kuyajaribu. Ikiwa mabaharia na waunda vyombo wa pwani wanayo yaliyo bora kuliko hayo, ni wajibu wetu kuyapokea na kuyaandika.