Marehemu Mmoja, Majimbo Mawili

John T. Dorrance, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya supu ya Campbell, alifariki mwaka 1930 na kuacha mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni 115. Alikuwa na nyumba New Jersey, alikokaa kwa miaka mingi, na jumba kubwa zaidi Pennsylvania, ambako alihamishia familia yake mwaka 1925. Katika wosia alijitambulisha kuwa mkazi wa New Jersey, na wosia huo ukathibitishwa huko. Watoza kodi wa Pennsylvania hawakuridhika. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba makazi ya kisheria ya marehemu yalikuwa Pennsylvania; mahakama za New Jersey nazo zikashikilia kwamba yalikuwa kwao. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoombwa kuamua, ilikataa kuingilia. Mwisho wake, Pennsylvania ilichukua zaidi ya dola milioni 14 na New Jersey zaidi ya milioni 12, kila moja kwa hoja kwamba marehemu alikuwa mkazi wake peke yake. Sheria za majimbo yote mawili zinasema mtu hawezi kuwa na makazi ya kisheria mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mahakama moja ilikosea, na gharama ya kosa hilo wakaibeba warithi. Hoja ya makala haya ni kwamba kadhia kama hiyo haitokani na ugumu wa ushahidi tu. Chanzo chake kikubwa ni utaratibu unaoruhusu swali moja kujibiwa mara mbili, na dawa yake ni kulifikisha kwenye baraza moja ambalo kila mwenye dai ameitwa na kusikilizwa.

Ili kuelewa kwa nini watu wanagombea jambo linaloonekana dogo kama anwani ya marehemu, lazima tujue linabeba nini. Marekani kila jimbo lina sheria yake ya mirathi. Ardhi na nyumba hufuata sheria ya jimbo zilipo, hata mwenyewe awe aliishi wapi. Lakini mali inayohamishika, yaani fedha za benki, hisa, magari na samani, kwa kawaida hufuata sheria ya jimbo ambamo marehemu alikuwa na makazi ya kisheria siku aliyofariki. Hapo ndipo tofauti zinapouma. New York humpa mjane aliyenyimwa katika wosia haki ya kudai theluthi ya mali. Florida humpa asilimia 30. Georgia haina fungu la lazima la namna hiyo, na mjane huko hubakiwa na haki ya kuomba matunzo ya mwaka mmoja kutoka kwenye mirathi. California na Texas huhesabu mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili nusu kwa nusu, kwa hiyo wosia wa mmoja haugusi nusu ya mwenziwe. Kuna majimbo yanayotoza kodi ya mirathi na yasiyotoza. Anayeshinda kuhusu makazi, mara nyingi ameshinda kesi nzima.

Wosia wenyewe, kwa upande wa umbo, hauleti tabu sana. Majimbo mengi hukubali wosia ulioandikwa jimbo jingine ikiwa ulikuwa halali mahali ulipotiwa saini, au pale mwenyewe alipokuwa mkazi. Utaratibu wa kawaida ni kuuthibitisha kwanza katika jimbo la makazi, kisha msimamizi hupeleka nakala zilizoidhinishwa kwenye kila jimbo lenye ardhi ya marehemu, ili ufunguliwe usimamizi wa ziada wa mali ya huko. Familia nyingi humaliza hivyo bila ugomvi. Mvutano huanza pale mtu anapojitokeza na kusema: mahakama mliyoiendea si ya nyumbani kwake. Pengine ni mtoto wa ndoa ya kwanza, mke wa ndoa ya pili, au ofisi ya kodi.

Je, nyumbani ni wapi? Sheria inadai vitu viwili vikutane: mtu awe amefika mahali hapo kwa mwili, na awe na nia ya kupafanya maskani yake. Makazi ya zamani humfuata hadi yatakapopatikana mapya, hivyo hakuna siku ambayo mtu anakuwa hana makazi ya kisheria kabisa. Kesi inayoonyesha jambo hili kwa ukali ni White dhidi ya Tennant, iliyoamuliwa West Virginia mwaka 1888. Michael White aliuza shamba lake West Virginia, akapakia vyombo na mifugo, akavuka mpaka kwenda kukaa katika nyumba ya shamba la familia upande wa Pennsylvania. Alifika, akashusha mizigo. Nyumba ilikuwa na baridi na unyevunyevu na mkewe alikuwa akiumwa, basi wakarudi kulala kwa ndugu zake, upande wa West Virginia. Mke alikuwa na homa ya matumbo. Mume akaambukizwa naye, akafia hukohuko. Hakuacha wosia wala mtoto. Kwa sheria ya West Virginia mjane angechukua mali yote inayohamishika. Kwa sheria ya Pennsylvania angepata nusu, na nusu ingekwenda kwa ndugu wa marehemu. Mahakama iliamua kwamba alipoikanyaga ile nyumba kwa nia ya kukaa, alikwisha kuwa mkazi wa Pennsylvania, ingawa hakulala humo hata usiku mmoja.

Hukumu ile inaeleweka, na hata hivyo inaonyesha jinsi nia inavyoweza kubishaniwa. Nia haionekani, kwa hiyo mahakama huisoma katika nyayo za mtu: leseni yake ya udereva, alikojiandikisha kupiga kura, anwani aliyoijaza kwenye ritani za kodi, daktari wake, kanisa au msikiti wake, mahali alipoweka vitu anavyovithamini. Florida ina hata utaratibu wa mtu kuapa na kusajili tamko la ukazi kwa karani wa mahakama. Lakini tamko ni ushahidi mmoja kati ya mwingi, na vitendo vikilikana, vitendo ndivyo vinavyoaminiwa. Dorrance aliandika New Jersey huku akiishi Pennsylvania. Majaji wa Pennsylvania wakapima alikoishi kuliko alichoandika. Majaji wawili waaminifu wanaweza kuangalia nyayo zilezile na kuhitimisha tofauti, na hilo pekee si kashfa.

Kashfa iko kwenye hatua inayofuata. Katiba ya Marekani inaamuru kila jimbo liheshimu hukumu za majimbo mengine, na mtu angedhani amri hiyo inatosha. Haitoshi. Mwaka 1937, katika kesi ya Worcester County Trust dhidi ya Riley, Mahakama ya Juu ilisema Katiba haihakikishi kwamba mahakama za majimbo tofauti zitakubaliana kuhusu makazi ya mtu. Mwaka 1942 ikafafanua zaidi. Mama mmoja alikuwa ameacha hisa za Coca-Cola International, kampuni iliyosajiliwa Delaware. Mahakama ya Georgia ilithibitisha wosia wake na kutamka kwamba alikuwa mkazi wa Georgia. Msimamizi aliyeteuliwa New York akadai alikuwa mkazi wa New York. Delaware iliruhusiwa kulichunguza swali upya, kwa sababu msimamizi wa New York hakuwa miongoni mwa walioshiriki katika kesi ya Georgia. Kanuni hiyo ina haki ndani yake, kwa maana mtu hafungwi na kesi ambayo hakuwamo. Lakini ikiachwa peke yake, matokeo yake ni kwamba kila jimbo linaweza kuanza upya, na Dorrance anapatikana tena na tena.

Mlango wa pekee uliobaki wazi umekuwa mwembamba, tena wa ajabu. Edward Green, mwana wa tajiri maarufu wa Wall Street Hetty Green, alifariki mwaka 1936, na Texas, Florida, New York na Massachusetts yote yakamdai. Mahakama ya Juu ilikubali kuamua yenyewe, na mwaka 1939 ikatamka kwamba makazi yalikuwa Massachusetts. Kwa nini ilikubali hapa na kukataa kwa Dorrance? Kwa sababu madai ya majimbo manne pamoja na kodi ya serikali kuu yalizidi mali yenyewe, hivyo jimbo moja lingeweza kutoka mikono mitupu. Mali ya Dorrance ilitosha kuwashibisha wote. Kwa lugha nyingine, aliyelindwa ni jimbo lililo hatarini kukosa kodi, wala si familia iliyo hatarini kulipa mara mbili. Tajiri Howard Hughes alipofariki tarehe 5 Aprili 1976, ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, Texas na California zilimgombea vivyo hivyo. Mahakama ya Juu ilikataa kesi mwaka 1978, kisha ikaipokea mwaka 1982, na majimbo yakapatana mwaka 1984. Wakati huohuo Nevada ilikuwa na kesi ya wosia uliodaiwa kuwa wake, ambao baraza la wazee wa mahakama lilisema mwaka 1978 kwamba si wa kweli. Miaka minane ilipita kabla swali la makazi yake kuzikwa.

Njia bora imekwisha kuandikwa. Sheria ya mfano ya mirathi iliyotungwa mwaka 1969 kwa ajili ya majimbo yote inasema kwamba madai yanayopingana kuhusu makazi yakifunguliwa katika majimbo mawili, mahakama iliyofunguliwa shauri kwanza ndiyo itakayoamua, nyingine isubiri na ikubali jibu, mradi wahusika wamepewa taarifa na nafasi ya kupinga. Kwa upande wa kodi, kuna sheria ya mfano ya mwaka 1943 inayoruhusu majimbo kupeleka mgogoro wao kwa wasuluhishi. Tatizo ni kwamba yaliyoichukua ile ya 1969 nzima hayafiki nusu ya majimbo.

Wapinzani wana hoja tatu. Wa kwanza husema kanuni ya aliyewahi huzaa mbio: mtoto mwerevu atakimbilia mahakama inayompendelea kabla matanga hayajaanuliwa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini anayetangulia anapata mahali pa kusikilizwa, hapati ushindi. Mahakama hiyo bado inaweza kusema marehemu hakuwa mkazi wake, na mpinzani aliyeitwa anaweza kuthibitisha hivyo. Wa pili husema jimbo ni dola yenye enzi yake, haliwezi kukubali majaji wa jirani wagawe kodi yake. Kuheshimu hukumu ya jirani baada ya kusikilizwa ndicho Katiba inachodai katika madeni na talaka. Hakuna sababu ya wafu kuwa nje ya kanuni hiyo. Wa tatu, wenye hoja nzito kuliko wote, husema: mwacheni mwenye mali achague katika wosia, basi ugomvi uishe. Hilo lingefaa kama uchaguzi huo ungemgusa yeye tu. Lakini mume angeweza kuishi na mkewe New York miaka 30, kisha akaandika mstari mmoja wa kujiita mkazi wa Georgia, na kumnyang'anya mjane theluthi yake. Makazi hulinda watu ambao hawakutia saini wosia, kwa hiyo hayawezi kuachwa mikononi mwa aliyeutia saini peke yake.

Jambo hili linawahusu pia Waafrika Mashariki waliohamia Marekani, maana kwao mpaka si wa majimbo tu. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya kinaweka kanuni ileile: mali isiyohamishika iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya, inayohamishika hufuata sheria ya makazi ya marehemu, na aliyekuwa akiishi Kenya kwa kawaida kabla ya kufa huchukuliwa kuwa na makazi yake huko hadi ithibitishwe vingine. Mtu mwenye shamba Nakuru, akaunti Texas na mjane Minnesota anaweza kuwaachia wanawe maswali matatu badala ya moja. Awezalo kufanya akiwa hai ni kuhakikisha kura, leseni, kodi na wosia vinasema neno moja. Hilo hupunguza ugomvi bila kuumaliza, kwa sababu hata nyayo zilizonyooka zaidi husomwa na majaji wawili ikiwa sheria inawaruhusu wote wawili kuzisoma. Kuondoa ruhusa hiyo ni kazi ya mabunge ya majimbo, na warithi hawana uwezo wa kuifanya kwa niaba yao.