Je, Wajua? Kiuno Kinapogoma

Kuna maumivu ya kiuno yanayokuja na kupita kama mvua za vuli. Kuna na yale yanayovuka miezi 3, ambayo madaktari huyaita sugu. Hayo ya pili ndiyo yaliyonifanya nipekue majarida na ripoti, na karibu kila ukurasa ulikuwa na la kunishangaza. Nimekuchagulia machache ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Tiba ya mgongo iliyokatika katikati ya sentensi

Mojawapo ya maandiko ya tiba ya kale kabisa duniani linaishia mgongoni, na sentensi yake ya mwisho haikumalizika. Ni mafunjo ya Misri yenye umri wa takriban miaka 3,600, yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeyanunua Luxor mwaka 1862. Yameorodhesha kesi 48, kuanzia kichwani kushuka chini. Kesi ya 48 ni ya mtu aliyeteguka pingili za mgongo: tabibu anamwambia anyooshe miguu kisha aikunje, naye anaikunja upesi kwa sababu mgongo unauma. Tabibu anaagiza alazwe chali, anaanza kueleza atakachomtengenezea, na hapo hapo mwandishi akaacha kuandika. Shika hilo la kunyoosha miguu, tutakutana nalo tena.

Kijana wa Turkana naye huenda aliumwa mgongo

Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aliokota kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kipande hicho kilifichua mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Watafiti waliozichunguza upya pingili zake walieleza mwaka 2013 kwamba zina alama za diski ya kati ya pingili iliyochomoza sehemu ya kiunoni. Viti vya ofisini na bodaboda vilikuwa bado sana kuzaliwa.

Tanzania mara 10

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, kwa hiyo chukua nchi nzima, vichanga kwa vikongwe, uizidishe mara 10. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu, na makadirio ya mwaka 2050 ni watu milioni 843. La kushangaza zaidi ni kwamba kwa wagonjwa 9 kati ya 10 hakuna mfupa au ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Maumivu ni ya kweli kabisa. Kinachokosekana ni mshtakiwa mmoja.

Figo husingiziwa

Mtu akiumwa kiuno mtaani kwetu, jirani atamwambia bila kusita: hizo ni figo. Figo zinakaa juu kuliko wengi wanavyodhani, zimejibanza chini ya mbavu za mwisho, huku na huku. Anayeumwa figo mara nyingi huumia ubavuni, tena huweza kupata homa au kuona mkojo umebadilika, na akiinama au akinyooka maumivu hayabadiliki sana. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na kinaweza kumwondolea mtu hofu aliyoibeba miaka. Nimewajua watu waliokunywa maji ya mizizi kwa miezi kusafisha figo zisizo na kosa lolote.

Mgongo mmoja, picha kumi, hadithi kumi

Mwanamke wa miaka 63 mwenye maumivu sugu ya kiuno alipigwa picha za MRI katika vituo 10 tofauti, yote ndani ya wiki 3. Matokeo yalichapishwa Marekani. Zile ripoti 10 kwa jumla zilitaja kasoro 49 tofauti, na hakuna hata kasoro moja iliyotajwa kwenye ripoti zote 10. Mgongo ulikuwa ule ule!

Sasa ongeza hili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za watu *wasioumwa* mgongo hata kidogo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hawa ni wazima, hawalalamiki. Ni kama kizingiti cha nyumba ya zamani kilicholika kwa nyayo za vizazi: ukikitazama utakiona kimelika, lakini nyumba imesimama na watu wanaingia na kutoka.

Ndiyo maana daktari mzuri asipokuandikia MRI siku ya kwanza hajakupuuza. Picha ina thamani yake inapokuwa na swali la kujibu, na swali hilo hutoka kwenye mazungumzo na uchunguzi wa mikono. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye kiuno kibovu alijue kabla hajauza mbuzi kulipia picha, ni hili.

Msumari wa sentimita 15 ambao haukumchoma mtu

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilisimulia kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15. Ukapenya kiatu chake ukatokeza juu. Alikuwa na maumivu makali hata kuugusa tu msumari ilishindikana, wakampa dawa nzito za kutuliza. Walipovua kiatu walikuta msumari umepita katikati ya vidole, ngozi haina hata mkwaruzo. Fundi hakuwa anaigiza. Ubongo wake ulipima hatari ukapiga kengele, na kengele ndiyo maumivu. Mgongo unaouma mwaka wa tatu mara nyingi una kengele iliyozoea kulia kwa jambo dogo, na wapo wataalamu ambao kazi yao ni kuituliza taratibu.

Kipimo kisichohitaji umeme

Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo kwenye kitengo cha fiziotherapia. Ni fundi cherehani, na kiuno kilikuwa kimemsumbua tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye umri wa wanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikangoja amlaze kitandani amkande. Badala yake alivuta kiti, akauliza. Ukiamka asubuhi, mgongo unachukua muda gani kulegea? Maumivu yanashuka mguuni au yanaishia kiunoni? Kuna sehemu imekufa ganzi? Usiku yanakuamsha? Kisha akamwambia atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Akagonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Akamlaza chali, akauinua mguu wa kulia polepole ukiwa umenyooka, macho yake yakiwa usoni kwa mama, hayako mguuni. Akarudia wa kushoto. Mwishoni akauliza kiti cha cherehani kina urefu gani, na pedali anaikanyaga kwa mguu upi.

Tulipotoka nje mama mdogo akaniambia, "Nimechuliwa mwaka mzima. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza nakalia kiti gani."

Ule mguu ulionyooka una historia tamu. Mguu ukiinuliwa hivyo, mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni kushuka pajani huvutwa. Ukiwa umebanwa, maumivu hukimbia mguuni kama shoti. Kipimo hiki kina jina la Charles Lasègue wa Paris, lakini aliyekieleza kwa maandishi ni mwanafunzi wake, mwaka 1881. Na mwaka mmoja kabla yake kilikuwa kimeshachapishwa na daktari wa Serbia, Laza Lazarević, ambaye kwao wanamkumbuka zaidi kwa hadithi fupi alizoandika. Nikikumbuka yule Mmisri aliyeambiwa anyooshe miguu, naona kama mkono mmoja umepokezana kazi kwa miaka 3,600.

Mkia wa farasi uliomo kiunoni mwako

Uti wa mgongo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo mishipa ya fahamu hushuka kama nywele za mkia. Jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo, mkia wa farasi. Mkia huo ukibanwa, mtu hufa ganzi sehemu inayogusa tandiko anapopanda farasi, mkojo hugoma au hutoka wenyewe, na miguu huishiwa nguvu. Hapo hakuna kungoja kesho, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Huku kwetu kuna maswali mengine mawili ambayo mtaalamu hayaruki. La kwanza ni homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hupenda kujificha kwenye pingili: karibu nusu ya kifua kikuu cha mifupa hukaa mgongoni, na alama zake zimeonekana hata kwenye maiti za kale za Misri zilizokaushwa. La pili ni, "Unakunywa maziwa mabichi?" Bruselosi, inayotoka kwa ng'ombe na mbuzi, huweza kujitokeza kama kiuno kinachouma na homa isiyoeleweka. Yote mawili yana dawa.

Asubuhi wewe ni mrefu zaidi

Kati ya pingili zako kuna diski 23 zinazonyonya maji usiku na kuyakamua mchana. Ukiamka umeongezeka karibu sentimita 1 au 2, na kufikia jioni zimekwisha. Wanaanga, wasiokandamizwa na uzito wao, huweza kurefuka hadi asilimia 3, na wengi wao huumwa mgongo siku za kwanza angani.

Godoro gumu limeshindwa

Umeshaambiwa ulale sakafuni? Nchini Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawiwa magodoro bila kujua ni ya aina gani, mengine magumu, mengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia ya kati walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2003, na mkeka bado unaagizwa vijijini na mijini.

Siku 17, siku 17, siku 16

Australia, mwaka 2014: watu 1,652 wenye maumivu mapya ya kiuno. Waliomeza parasetamo kwa ratiba walipona kwa siku 17, waliomeza wakihitaji siku 17, na waliopewa kidonge kisicho na dawa siku 16. Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotoka Desemba 2023, unaweka mbele elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Mikanda ya kiuno haupendekezi iwe tiba ya kawaida.

Jembe lililoshtakiwa mahakamani

California, vibarua wa mashambani wengi wao wakiwa na asili ya Mexico walilimia jembe la mpini mfupi, kama sentimita 60, na wenyewe waliliita kwa Kihispania *el cortito*, yaani kale kafupi. Mkulima aliinama kutwa nzima. Wenye mashamba walilipenda kwa sababu msimamizi aliona kwa mbali nani kanyooka. Madaktari walitoa ushahidi wa migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku katika jimbo zima. Majembe yetu mengi yana mpini mfupi pia. Sijui kwa nini mpini mrefu hauhesabiwi miongoni mwa dawa.

Siku 208 dhidi ya 112

Australia tena, mwaka 2024. Watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipangiwa kutembea, likisimamiwa na mfiziotherapia kwa vikao 6 ndani ya miezi 6, hadi kufikia dakika 30 mara 5 kwa wiki, kiasi cha mwendo wa kutoka Kariakoo hadi Posta bila haraka. Kundi la pili halikupangiwa kitu. Wasiotembea walikaa siku 112 kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo cha kati. Waliotembea walikaa siku 208.

Mama mdogo sasa hushuka daladala vituo viwili kabla ya kwake. Kiti cha cherehani amekikata miguu sentimita 4, kwa msumeno wa jirani.