Kuacha pombe ukiwa unatumia na vitu vingine

Leo tunazungumza nawe unayetaka kuacha pombe, iwe gongo, chang'aa, waragi au kanyanga, huku ukitumia pia bangi, mirungi au vidonge vya usingizi.

Kwanza, usikate tamaa. Wengi huacha bila kulazwa. Nchini Marekani, mwaka 2001 na 2002, watu zaidi ya 43,000 walihojiwa. Kati ya waliowahi kutawaliwa na pombe, ni kama robo tu waliowahi kupata matibabu. Hata hivyo, karibu nusu yao walikuwa wamemaliza mwaka mzima bila dalili za utumwa huo.

Lakini anayechanganya ana mlima mrefu zaidi, kwa sababu kitu kimoja huvuta kingine. Mirungi inakukesha, nawe unakunywa ili upate usingizi. Ukiacha pombe peke yake, usiku utakurudisha kwenye glasi. Ukiziba pengo kwa vidonge, umebadilisha bwana tu, bado u mtumwa. Na ukimeza vidonge vya usingizi au tramadol juu ya pombe, pumzi hupungua. Mtu anaweza kulala asiamke.

Sasa sikiliza kwa makini. Kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako. Saa chache baadaye mikono hutetemeka na jasho hutoka. Ndani ya siku mbili za kwanza degedege linaweza kukupata. Baadaye wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua. Vidonge vya usingizi ulivyovizoea navyo, ukiviacha ghafla, huleta degedege. Basi nenda kwanza zahanati ya kambi, mweleze muuguzi vyote unavyotumia. Anahitaji kujua ili asikupe dawa itakayokudhuru.

Kama hunywi kiasi hicho, panga siku ya kuanza. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Siku ya mgao au ya kupokea fedha, mkabidhi mama wa nyumbani au dada yako mkononi. Jirani anayepika pombe anatafutia watoto wake riziki, usigombane naye; pita njia nyingine. Jioni, saa uliyozoea kunywa, uwe na kazi au watu: mpira, kwaya, msikiti, bustani.

Ukinywa siku moja, usiseme yote yameharibika. Kuteleza si kuanguka. Jiulize nini kilikupeleka, kisha anza tena kesho.

Nanyi mlio nyumbani, msimtukane wala msimfungie. Akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ndugu msikilizaji, ulivuka mpaka ukiwa na uhai wako. Usiuache kwenye chupa. Tukutane kipindi kijacho.